Meneja Si wa Mahari

Baba mdogo Josia alikuja kumwazima mbwa wangu siku ya Jumatano asubuhi. Alikuja na maneno matamu, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana ulimi wa baba mdogo haunaga sukari ya bure.

"Nyanjige, mwanangu," akasema, "tunapeleka ng'ombe wa Paschal Kimali. Njia ni ndefu, fisi ni wengi. Tuazime Meneja. Jumapili tumemrudisha."

Paschal ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa anamwoa Monika, binti wa mzee Masele wa Kimali, kule Meatu, na bukwi, yaani mahari yetu Wasukuma, ilikuwa ng'ombe kumi na wanane. Watu wa siku hizi hupakia ng'ombe kwenye fuso, na jioni wameshafika. Baba mdogo hakutaka kusikia. "Ng'ombe wa mahari akipanda fuso, nani atamwona?" alisema. Alitaka watembee kwa miguu kutoka Dutwa mpaka Kimali, siku tatu nzima, ili kila kijiji njiani kiulize hao ni wa nani, na kijibiwe ni wa nyumba ya Mayunga. Mayunga ndiye baba yangu.

Nikamfunga Meneja kamba, nikamkabidhi. Nasema hili wazi kwa sababu baadaye maneno yaligeuzwa: niliazima. Sikutoa.

Meneja nilikuja naye kutoka Kalemela miaka sita iliyopita, nilipoondoka kwa mume. Ya kule sitaki kuyaeleza. Itoshe kwamba niliondoka na sanduku moja na mtoto wa mbwa ndani ya kiroba, na kondakta wa basi akataka nimlipie mbwa nauli, nikamwambia amwandikie tiketi kwanza tuone ataandika jina gani. Nyumbani walinipa chumba cha uani. Nilishona sare za shule miaka mitatu, nikanunua guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, na tangu hapo nabeba mahindi ya watu kwenda mashineni na pamba kwenda ghala la ushirika. Wanaume wa kijiweni walinicheka mwezi mzima. Mwezi wa pili wakaanza kunipa mizigo.

Jina alilipata kwa tabia yake. Tangu mdogo, akiona watu wanafanya kazi, yeye hulala kivulini, akakunja miguu ya mbele na kuwatazama mpaka wamalize. Guta likiwaka anaruka ndani ya bodi, anasimama mbele kabisa, na Dutwa nzima inamsalimia: "Meneja, kazi zinakwendaje?" Mimi dereva hawanisalimii. Chumbani tuko na paka pia, Sista, mweusi mwenye shingo nyeupe kama masista wa parokiani, na ukali wake ni huohuo. Jioni wanagombania vichwa vya dagaa, kelele mtindo mmoja, na vikishaisha Sista anapanda mgongoni kwa Meneja na kulala hapo kana kwamba hakuna kilichotokea. Majirani wanasema mbwa kulala ndani ni mkosi. Nawaambia mlango hauna kufuli, waingie wamtoe.

Jumapili ilipofika, wanaume walirudi kwa basi wakiimba. Meneja hakuwemo.

"Amebaki," akasema baba mdogo. "Amewapenda wale ng'ombe. Tulimwita, hakuja."

"Ulisema Jumapili utamrudisha."

"Nilisema. Lakini ameshaingia zizini pamoja na ng'ombe wa mahari, na kilichoingia zizini kwa wakwe hakirudi. Ukienda kudai mbwa, umedai ng'ombe. Ukidai ng'ombe, umevunja ndoa ya mdogo wako. Wewe yako imekushinda, sasa unataka na ya mwenzio?"

Nilimtazama Paschal. Paschal alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamtazama baba.

"Mbwa ni mbwa, Nyanjige," akasema baba, macho yake yako kwenye kikombe cha chai. "Nitakutafutia mwingine."

Nilivumilia wiki moja. Nilibeba mizigo, watu njiani wakauliza Meneja yuko wapi, nikasema yuko likizo. Jioni nilimwaga vichwa vya dagaa kwenye sahani, Sista akanusa, akaenda kukaa kwenye kizingiti akitazama barabara. Siku ya tatu hakula kabisa. Mimi nilikuwa nakula, lakini chakula hakikuwa na ladha, na nikilala nilihisi chumba kikubwa mno. Nilimkumbuka, ndiyo. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane, nilimkumbuka mbwa mpaka nikalia, na sioni haya kusema.

Jumatatu nilijaza mafuta, nikaweka dumu la maji na kamba mpya ndani ya bodi. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Baba alikuwa uani anapiga mswaki.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mzigo wa wapi mapema hivi?"

"Kimali."

Akatoa mswaki mdomoni. "Nyanjige. Ukitoka hapa kwenda kuwasumbua wakwe, mimi simo."

"Sikukuomba uwemo, baba," nikasema, nikawasha guta.

Kutoka Dutwa mpaka Bariadi ni lami, na guta kwenye lami huimba. Nilipishana na mabasi ya Mwanza yakinipigia honi, nikapita baiskeli zenye magunia ya mkaa. Mjini Bariadi nilikunywa chai na chapati mbili, kisha nikaingia barabara ya vumbi ya kwenda Lagangabilili. Ulikuwa mwezi wa saba, pamba ndiyo inatoka mashambani, na malori yalikuwa yamepita njia ile usiku na mchana. Kila lori linamwaga kidogo. Miiba ya migunga kando ya barabara ilikuwa imenasa pamba mita kwa mita, weupe mtupu pande zote mbili, ukisimama mbali unadhani miti imetoa maua. Mbele yake nchi inajifungua: majaruba yaliyokauka, vilima vya mawe, makundi ya ng'ombe yanaelekea malamboni yakipandisha vumbi jekundu. Kanga wa porini walivuka barabara kwa mstari, na wa mwisho akasimama katikati kunitazama kama mimi ndiye niliyepotea. Nilijikuta naimba kwa sauti. Miaka mitatu nilikuwa naendesha kutoka shambani hadi mashineni, kutoka mashineni hadi ghalani, na kumbe mkoa wangu wenyewe ni mzuri hivi na sijawahi kuuona. Hasira yangu ilikuwepo palepale, lakini ilikuwa imepata hewa.

Nilisimama mtoni Simiyu. Maji yalikuwa yamebaki vidimbwi, na wafugaji walikuwa wamechimba visima mchangani, wananyweshea zamu kwa zamu. Kwenye kivuli karibu na daraja alikuwapo mama mmoja anauza michembe na karanga. Nilinunua fungu la michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, nikaketi kutafuna. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Dutwa.

"Dutwa? Basi ni kwenu wale waliopita na ng'ombe wa mahari, wiki ya juzi. Wana mbwa mzuri wale! Poleni na mtamba."

"Mtamba gani, mayu?" nikamuuliza, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama.

"Si yule aliyekufa hapa? Walimshusha pale kwenye mawe, badala ya kuzunguka. Tuliwaambia wazunguke, yule mzee wao mfupi akasema ng'ombe wa ukoo wake hawazunguki. Mtamba akateleza, mguu ukavunjika. Wakamchinja hapahapa. Nyama nami nilipata."

Mzee mfupi ni baba mdogo. Na baba mdogo alikuwa ameapa mbele ya familia yote kwamba ng'ombe walifika kumi na wanane, wazima, wamenawiri. Nikaacha kutafuna. Kama mtamba alifia hapa, Kimali walifika kumi na saba, na mzee Masele si mtu wa kusahau kuhesabu. Nikainuka, nikamshukuru yule mama, nikawasha guta. Njia yote ya Kisesa na Mwandoya sikuimba tena.

Nilifika kwa mzee Masele saa nane mchana, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ni mji mkubwa, umezungukwa na minyaa, nyumba tatu za bati, zizi la miiba upande wa nyuma. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda anafunga nati za plau, na wazee wawili wa ukoo wake walikuwa wanamsaidia kwa maneno. Pembeni yake, kivulini, miguu ya mbele ameikunja, anasimamia kazi: Meneja.

Alikuwa amenenepa. Aliponiona aliruka, akanizunguka mara tatu, akanilamba mikono, akalia ile sauti yake ya kitoto. Halafu, wallahi, akarudi kulala palepale pembeni ya kigoda cha mzee.

"Mwadila, baba," nikasalimu, nimepiga goti.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu.

Walinikaribisha vizuri, siwezi kuwasingizia. Mama Esteria, mke wa mzee, aliniletea maji ya kunawa, ugali, na maziwa ya mgando yaliyokatika vizuri. Nilikula yote. Nilikuwa nimekuja kugombana, na sijaona mtu aliyeshinda ugomvi kwa njaa. Nilipomaliza nikashukuru, "Wabeja, mama," kisha nikamgeukia mzee.

"Baba, nimemfuata mbwa wangu."

Wale wazee wawili wakaacha nati. Mzee Masele akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mayu, huyu mbwa ni wa bukwi."

"Huyu mbwa ni wa kuazima. Baba mdogo Josia alikuja kumwazima kwangu alinde ng'ombe njiani, amrudishe Jumapili."

"Mimi sikuelezwa hivyo," akasema. "Ngoja nikwambie nilivyoelezwa. Tulihesabu ng'ombe kumi na saba. Josia akasema mmoja amefia mtoni, ataleta mwingine. Nikasema sawa. Usiku huo fisi wakaja zizini, na huyu mbwa peke yake akawakimbiza mpaka korongoni. Asubuhi nikawaambia, niachieni huyu mbwa, na mtamba tumsahau. Wakafurahi. Josia alipiga makofi."

Nisidanganye, kichwa kilinivimba kidogo. Hakuna mbwa Dutwa, wala Bariadi yote, aliyewahi kulinganishwa na mtamba. Lakini kilivimba kwa muda mfupi.

"Hukuuliza mbwa ni wa nani, baba?"

"Niliuliza. Mimi si mtoto. Josia akasema ni wa binti aliyerudi nyumbani. Akasema mwanamke aliyerudi kwao hana chake, alicho nacho ni cha baba yake. Nikaona nisimsikilize Josia peke yake, nikampigia simu Mayunga mwenyewe. Mayunga akasema sawa, mchukue."

Hapo ndipo iliponiuma. La Josia lilinikera, lakini Josia ni Josia. La baba lilinichoma. Nikaikumbuka ile asubuhi ya chai, macho yake kwenye kikombe. Alikuwa anajua. Miaka mitatu ya cherehani, mitatu ya guta, unga wa nyumba ile naununua mimi, na kwenye simu nimekuwa mtu asiye na chake.

"Baba yangu amekupa kisicho chake," nikasema.

Mmoja wa wale wazee akakohoa. "Binti, mambo ya bukwi huzungumzwa na wanaume. Kama una neno, mtume kaka yako au mjomba."

"Kaka sina, mzee. Na waliotumwa mara ya kwanza mmewaona kazi yao."

Mzee Masele akanyoosha mkono kama anayetuliza ng'ombe. Nilimwona anatafuta njia ya upole, na aliipata ile ambayo kila mtu angeipata. "Tusigombane," akasema. "Mbwa anamjua mwenyewe. Nenda usimame pale kwenye guta lako, umwite. Akija akakaa kwako, ni wako. Akibaki hapa, basi."

Wazee wakaitikia, hiyo ni haki kabisa. Mama Esteria mlangoni akanitazama kwa matumaini. Na Meneja, Mungu amsamehe, alikuwa amelaza kidevu juu ya kiatu cha mzee, tumbo limejaa nyama za kwao.

"Simwiti," nikasema.

"Unaogopa hatakuja?"

"Anaweza asije. Hapa anakula vizuri kuliko kwangu. Lakini baba, ng'ombe wako kumi na saba wako zizini pale. Akija mtu leo akasema ni wake, utasimama langoni uwaite kwa majina tuone nani atakuja? Hata mmoja hatakuja, na bado watakuwa wako. Kwa nini mimi peke yangu nithibitishwe na mbwa? Mbwa hatoi ushahidi. Natoa mimi. Nimesema ni wangu."

Mama Esteria akasema kutoka mlangoni, kama anayeongea na ukuta, "Miaka arobaini niko mji huu, bado naulizwa kuku wangu kama ni wangu." Mzee hakugeuka, ila nati aliyokuwa ameishika aliidondosha.

"Sikiliza, mayu," akasema mzee, na sasa sauti yake ilikuwa imekaza. "Hilo neno la kuazima, lirudishe. Usiliseme hapa. Bukwi haitolewi kwa mali ya kuazima. Hata watoto wanajua, ukimlipia mwanamke kwa ng'ombe wa kuazima, mwenye ng'ombe ndiye aliyeoa. Ukisema mbwa ni wa kuazima, unaniambia binti yangu ameolewa na mtu mwingine, si Paschal."

"Ndivyo ilivyo, baba," nikasema. "Ameolewa na mimi."

Wakanitazama.

"Mila ni yako, umeitaja mwenyewe. Ng'ombe kumi na saba ni wa Paschal, na wa kumi na nane ni wangu. Basi Monika tumemwoa wawili. Paschal atachukua sehemu yake kubwa, mimi nitadai mguu mmoja. Nitamwomba aje Dutwa anisaidie kupakia magunia, Jumatatu na Alhamisi. Na akizaa watoto kumi na wanane, mmoja ataitwa kwa jina langu. Au, kama hutaki mkwe mwanamke, baba, nirudishie mbwa wangu twende."

Yule mzee aliyekohoa ndiye aliyecheka wa kwanza. Alijaribu kuzuia, ikamtoka puani. Mwenzake akafuata, mama Esteria akajifunika uso kwa kitenge, na mzee Masele akainama juu ya plau muda mrefu, mabega yanamtikisika, na sikuwa na uhakika ni kicheko au hasira mpaka alipoinua uso akiwa anafuta macho.

Aliyekuwa hacheki ni Monika. Alikuwa ametoka nyumba ya pili, msichana mrefu mwenye sauti ya chini, na alinishika mkono akanivuta pembeni ya kihenge.

"Wifi, nakuomba," akasema. "Harusi ni wiki mbili zijazo. Wakianza kuhesabu upya ndoa yangu inakwenda. Subiri ipite, nitakurudishia mbwa mimi mwenyewe. Nakuapia."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililokuwa gumu siku ile yote, kuliko wazee. Alikuwa mtoto mwema, anampenda mdogo wangu, na machozi yalikuwa yameshafika.

"Wifi," nikasema, "nikisubiri harusi ipite, nitaambiwa nisubiri mtoto azaliwe. Nilisubiri hivyo Kalemela miaka tisa. Na wewe unakwenda kuishi mji uleule ambao leo umesema mimi sina changu. Nikinyamaza, watakusemea nini wewe siku ukinunua mbuzi wako?"

Alifuta macho kwa kiganja. Halafu akaenda mwenyewe mpaka kwenye kigoda cha baba yake, akapiga goti, na kusema kitu kwa Kisukuma, taratibu sana, nikasikia maneno ya mwisho tu: kwamba yeye hataki kuolewa kwa mali ya mtu aliyelia.

Mzee Masele akatoa simu mfukoni, akabonyeza kwa kidole gumba, akaiweka sauti ya juu.

"Josia," akasema. "Mmenipa mbwa wa kuazima."

Kule upande wa pili zilisikika sauti nyingi, hakuna hata moja iliyokuwa neno.

"Nyamaza, nisikilize. Mbwa anarudi kwa mwenyewe. Mtamba wangu namtaka kabla ya harusi, na atoke zizini kwako, si kwa Mayunga, wala kwa kijana. Na mlete kwa fuso. Nyie na miguu hamuwezani."

Akakata. Kisha akainama, akamfunga Meneja kamba kwa mikono yake, akanipa. "Mayu," akasema, "siku mtamba wangu akishikwa na fisi nitakuja kukulaumu."

"Njoo, baba. Nitakukaribisha."

Nililala kwa mama Esteria, na alfajiri akanifungia maziwa kwenye kibuyu. Meneja hakutaka kupanda guta mpaka nilipowasha. Hapo akaikumbuka kazi, akaruka, akaenda kusimama mbele kabisa ya bodi, masikio nyuma. Tulirudi polepole. Jua lilikuwa linatoka upande wa mbuga, nyasi zote zimekuwa rangi ya asali, na pundamilia wanne walikuwa wamesimama karibu kabisa na barabara, wanatutazama. Meneja aliwabwekea kwa cheo chake chote. Pale mtoni nilimpa maji kwenye kifuniko cha dumu, yule mama wa michembe akapiga kelele, "Ndiye huyu!" Nikamwambia, ndiye.

Karibu na Lagangabilili Paschal akapiga simu. "Dada, ungeniambia kwanza," akasema.

"Ulikuwa hujui?"

Alikuwa anajua. "Nilikuwa naogopa kumkosa Monika," akasema.

"Hujamkosa. Ana akili kukuzidi, umheshimu," nikasema, nikakata, maana guta na simu havipatani. Nilimhurumia, ni kweli, lakini huruma yangu siku ile ilikuwa na mipaka.

Dutwa tuliingia saa saba mchana. Kijiweni walisimama. "Meneja amerudi kutoka semina!" akapiga kelele mmoja, na wengine wakashangilia mpaka watoto wakatukimbilia. Lakini uani kwetu hakukuwa na anayeshangilia. Baba mdogo Josia alikuwepo, anatembea huku na huku, na alianza kabla sijazima injini: nimemvua nguo, nimemvunjia ukoo heshima, mtamba wake mzuri kuliko wote sasa anakwenda Kimali kwa sababu ya mbwa koko, tangu lini mwanamke aliyeachika anasimama mbele ya wazee wa watu, na leo hii nipakie virago vyangu nitafute pa kwenda.

"Mtamba ulimuua wewe mtoni, baba mdogo," nikamwambia. "Virago vikipakiwa kwenye guta hili, na unga unaokula hapa utapakiwa navyo."

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba. Aliinua mkono, ndugu yake akanyamaza kabisa. Baba ni mtu wa maneno machache, na alinitazama mara ya kwanza tangu Meneja aondoke. Yeye ndiye aliyenipokea na sanduku langu, hakuuliza swali, na sikuwahi katika maisha yangu kusimama mbele yake bila kuinamisha macho. Safari hii sikuyainamisha.

"Mimi nilishawaambia sawa," akasema. "Neno langu lilishafika Kimali. Sasa nani alikuruhusu kwenda kumchukua huyu mbwa?"

"Mwenye mbwa," nikasema.